Mahindi yalisafiri, chokaa ikabaki: kuielewa sahani ya Amerika ya Kati

Jioni moja, karibu miaka 1,400 iliyopita, watu wa kijiji kidogo katika nchi ambayo leo ni El Salvador walikuwa wameshakula, na vyombo havijaoshwa. Volkano ya jirani ikalipuka. Wakakimbia, na majivu yakafunika kila walichokiacha: mahindi shambani, maharage ndani ya vyungu, pilipili zilizoning'inizwa jikoni, mawe ya kusagia, na mabakuli yenye michirizi ya vidole vya mtu aliyekuwa akikomba chakula chake. Kijiji hicho, Joya de Cerén, kilionekana tena mwaka 1976 pale buldoza lilipokuwa likisawazisha kiwanja cha kujenga maghala ya nafaka. Mwaka 1993 UNESCO ikakiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Ukimpeleka bibi wa kijijini El Salvador kwenye jiko lile leo, hapatakuwa na kitu cha kumshangaza. Ukimpeleka bibi wa Iringa au Machakos, naye atakuta mahindi, maharage, maboga, pilipili na mihogo, vyakula anavyovilima mwenyewe. Hapo ndipo swali linapoanzia. Kama ghala letu na lao linafanana hivi, mbona sahani hazifanani? Mbona wao wana tortila, ile chapati nyembamba ya mahindi, sisi tuna ugali? Wengi hujibu kwamba ni mila tu. Lakini mila ina sababu yake, na sababu ya hii ni unga mweupe ambao kwetu tunaupaka ukutani.

Kabla ya kufika huko, tuondoe mkanganyiko mmoja. Amerika ya Kati ni nchi 7: Guatemala, Belize, El Salvador, Honduras, Nikaragua, Kosta Rika na Panama. Chakula chao hudhaniwa kuwa ni kile cha Meksiko kilichopunguzwa pilipili. Sivyo. Binafsi naona ni rahisi kukielewa ukifikiria majiko matatu yanayopakana na kuingiliana. Kaskazini, hasa nyanda za juu za Guatemala wanakoishi Wamaya, mfalme ni hindi. Kusini, kuanzia Nikaragua hadi Panama, wali na maharage vinashika usukani. Na kando ya bahari ya Karibi, kutoka Belize hadi Panama, kuna jiko la nazi ambalo mtu wa Mombasa au Tanga angeingia na kuanza kupika bila kuuliza maswali mengi.

Chokaa ndani ya sufuria

Chukua kilo moja ya mahindi makavu, yasiyokobolewa. Yatie kwenye sufuria yenye lita tatu za maji. Koroga humo chokaa ya kuliwa, gramu 10 hivi. Chemsha kwa moto wa wastani kama dakika 45, kisha epua, funika, uache hadi asubuhi.

Mara ya kwanza kujaribu nyumbani nilitumia chokaa ya tambuu, ileile inayopakwa kwenye jani pamoja na popoo. (Chokaa ya rangi ya nyumba usithubutu, haikutengenezwa kwa ajili ya kuliwa. Hata ile safi huunguza macho na ngozi.) Dakika chache baada ya kuitia, mahindi meupe yaligeuka manjano, na jiko likajaa harufu ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwenye mahindi ya kuchemsha wala ya kuchoma, harufu nzito, yenye kukumbusha udongo uliolowa mvua. Asubuhi nilichukua punje moja nikaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Ganda likavuka lote, likabaki kama utando laini mkononi. Nikayaosha kwa maji matatu, nikayasaga mara mbili kwenye mashine ya mkono ya kusagia nyama. Kilichotoka kilikuwa donge linaloshikana. Nililibonyeza kati ya viganja likawa duara, nikalitia kwenye chuma cha chapati, na halikupasuka.

Hilo la mwisho ndilo kubwa. Chukua sembe au dona, ukande kwa maji ya baridi, ujaribu kutengeneza chapati: itameguka mkononi. Unga wa mahindi hauna ile nguvu ya kuvutana iliyo kwenye ngano. Sisi tunaulazimisha ushikane kwa maji ya moto na mwiko. Wao wanaulazimisha kwa chokaa, ambayo huyeyusha sehemu ya ganda na kuifanya iwe kama gundi. Ukilielewa hili, umeshaelewa kwa nini upande mmoja wa dunia hindi likawa ugali na upande mwingine likawa tortila.

Mahindi yaliyopikwa hivyo huitwa nixtamal. Neno ni la Kinahuatl, lugha ya Waazteki wa Meksiko, na limeunganishwa kutoka nextli, majivu, na tamalli, donge la mahindi lililopikwa. Jina lenyewe linakumbuka kwamba majivu ya kuni nayo yalitumika. Ushahidi wa kale zaidi wa ujuzi huu unatoka pwani ya kusini ya Guatemala, kati ya mwaka 1500 na 1200 kabla ya Kristo.

Kwetu kazi ya kuondoa ganda tunaifanya kwa nguvu. Wakamba hutwanga mahindi kupata muthokoi, wapishi wa makande hununua mahindi yaliyokobolewa, na mashine za mtaani hukoboa kabla ya kusaga sembe. Kukoboa huondoa ganda, lakini huondoa na kiini, na kwenye kiini ndiko kuliko na mafuta na sehemu nzuri ya virutubisho. Chokaa huvua ganda na kuacha sehemu kubwa ya kiini mahali pake. Pia huacha kalsiamu ndani ya punje, jambo kubwa kwa watu ambao kabla ya Wahispania hawakuwa na ng'ombe wala maziwa.

Lakini faida iliyookoa maisha ni nyingine, na haikujulikana kisayansi hadi karne iliyopita.

Ugonjwa uliofuata meli

Hindi lina niasini, vitamini ambayo mwili hauwezi kukaa bila yake. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya niasini hiyo imefungwa ndani ya punje kwa namna ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuifungua. Mwili huweza pia kujitengenezea niasini kutokana na triptofani, mojawapo ya vijenzi vya protini, lakini hindi lina triptofani kidogo. Kwa hiyo mtu anayekula mahindi na karibu mahindi tu, hata akishiba, anapungukiwa. Ngozi iliyopigwa na jua hukwaruza na kuvuja, tumbo huharisha, akili huvurugika, na asipotibiwa hufa. Ugonjwa huo ni pelagra.

Chokaa hufungua kifungo hicho. Ndiyo maana Wamaya walikula hindi asubuhi, mchana na jioni kwa maelfu ya miaka bila kuandamwa na pelagra.

Wahispania walipobeba mbegu kurudi kwao, chokaa hawakuibeba. Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal alieleza ugonjwa huo miongoni mwa maskini wa Asturias, kaskazini mwa Hispania. Mwaka 1771 Francesco Frapolli wa Italia akaupa jina kutokana na maneno ya huko yenye maana ya ngozi iliyokwaruza. Mwanzoni mwa karne ya 20 ukawashambulia wakulima maskini wa kusini mwa Marekani, na wengi wakaamini unaambukiza hadi daktari Joseph Goldberger, aliyeanza kuuchunguza mwaka 1914, alipoonesha kwamba chanzo ni chakula. Niasini yenyewe ilitambuliwa kuwa tiba mwaka 1937 na mwanakemia Conrad Elvehjem. Karne mbili zilipita wakitafuta jibu ambalo mama yeyote wa Kimaya alikuwa akilikoroga kwenye chungu kila usiku.

Afrika Mashariki na Kati mahindi yalifika kwa Wareno, kuanzia karne ya 16, na jina letu mahindi linaelekeza India, ishara kwamba waliolipokea walilihesabu kama kitu kilicholetwa na bahari. Liliingia kwenye chungu kilichokuwa tayari kikipika ugali wa mtama, uwele na ulezi, na likapikwa kama mtama. Hakuna wa kulaumiwa hapo. Waliojua siri ya chokaa walikuwa wanawake wa vijijini ng'ambo ya bahari, na mabaharia hawakuketi nao jikoni.

Kinachotulinda sisi ni kitoweo. Maharage, karanga, dagaa, maziwa na nyama huleta niasini na triptofani ambayo ugali hauna. Kitoweo kikikatika, kinga inakatika. Mwaka 1990, katika kambi za wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, mgao ulikuwa wa mahindi, na karanga zilizokuwa zikikamilisha mlo zikakosekana kwa miezi. Zaidi ya watu 17,000 wakaugua pelagra. Wengine huuliza kama dona haitoshi. Dona ni bora kuliko sembe kwa mambo mengi, lakini niasini yake nayo imefungwa.

Nasisitiza haya kwa sababu nimechoka kusikia mapishi ya wenyeji wa Amerika yakitajwa kama mambo ya zamani tu, ya kupendeza watalii. Nixtamal ni kemia, na ni kemia iliyogunduliwa na watu ambao hawakuandikwa majina yao popote.

Maharage yenye umri

Mshirika wa hindi ni haragwe, na yote mawili hulimwa pamoja na boga kwenye shamba la mseto linaloitwa milpa. Haragwe hupanda juu ya bua la hindi na kurutubisha udongo, boga hutandaza majani yake chini na kuzuia magugu na jua kali. Tumboni nako wanasaidiana: protini ya hindi ina upungufu ambao haragwe linauziba. INCAP, taasisi ya lishe ya Amerika ya Kati na Panama iliyoanzishwa mwaka 1949 na yenye makao Guatemala, ilipima uwiano huo, na mtafiti wake Ricardo Bressani akaonesha kwamba mchanganyiko ulio bora ni kama sehemu 7 za mahindi kwa 3 za maharage kwa uzito.

Jikoni, haragwe lina umri. Nchini Guatemala, siku ya kwanza maharage meusi huliwa mazima na mchuzi wake mweusi. Siku ya pili husagwa na kuchujwa yakawa rojo. Siku ya tatu rojo hilo hukaangwa na kitunguu katika mafuta, likizidi kukauka, hadi ukitikisa kikaango linajikunja na kuviringika kama gogo dogo linalong'aa. Chungu kimoja kimelisha nyumba siku tatu na hakuna aliyelalamika kwamba anakula chakula kilekile. Asubuhi gogo hilo hukatwa vipande na kuliwa na mayai, ndizi mbivu za kukaanga, jibini mbichi, malai na tortila za moto.

Rangi ya haragwe nayo ni utambulisho. Guatemala na Kosta Rika hupenda jeusi; El Salvador, Honduras na Nikaragua hupenda jekundu, na mtu wa huko atakuambia kwa uhakika kabisa kwamba lile la jirani halina ladha.

Donge moja, siku saba

Zamani mwanamke alipiga magoti mbele ya jiwe kwa saa nyingi kila siku ili kusaga nixtamal. Kinu cha mashine kilipofika vijijini kilimpunguzia kazi hiyo, ingawa bado alfajiri utawaona wanawake na wasichana wakipanga foleni na mabeseni ya mahindi yaliyooshwa. Kutoka kinuni donge huenda kwenye comal, bamba la duara la udongo au chuma. Tortila ya Guatemala ni ndogo na nene kuliko ya Meksiko, na hutengenezwa kwa kupigwa-pigwa kati ya viganja. Mlio wake ni kama makofi ya taratibu, na ndio unaokuambia kwamba chakula kinakaribia.

Donge lilelile likijazwa jibini, maharage au nyama ya nguruwe kabla ya kubanwa na kuokwa linakuwa pupusa, fahari ya El Salvador. Kuna pupusa ya loroco, maua machanga ya mmea unaotambaa, na mji wa Olocuilta unajulikana kwa pupusa za unga wa mchele. Huliwa kwa mkono, na kabichi iliyowekwa kwenye siki na mchuzi wa nyanya. Tangu mwaka 2005 nchi hiyo ina siku ya pupusa, Jumapili ya pili ya Novemba.

Donge likifungwa kwenye jani na kuchemshwa linakuwa tamal, na tamal ina kalenda yake. Mjini Guatemala, Jumamosi jioni, nyumba inayouza tamal huwasha taa nyekundu mlangoni. Mji wa Quetzaltenango, nchini humohumo, hula paches, za viazi badala ya mahindi, siku ya Alhamisi. Nikaragua, Jumapili asubuhi ni ya nacatamal pamoja na mkate na kahawa. Hilo ni furushi zito: donge lililokandwa na mafuta ya nguruwe na maji ya machungwa machungu, ndani mna nyama, mchele, kiazi, nyanya na nanaa, limefungwa kwa jani la mgomba na kuchemshwa kwa saa kadhaa. Meksiko hutumia zaidi maganda ya gunzi. Huku chini ni jani la mgomba. Na mgomba wenyewe ni mgeni: padri Tomás de Berlanga, aliyekuja kuwa askofu wa Panama, ndiye anayetajwa kuupeleka Karibi mwaka 1516 kutoka visiwa vya Canary.

Pwani ya kaskazini ya Honduras wana baleada, ambayo ni ya ngano, imekunjwa juu ya maharage, malai na jibini. Anayejua chapati maharage ameshaielewa.

Kiporo chenye jina

Ukienda kusini, tortila haipotei, ila inasogea pembeni ya sahani. Kifungua kinywa cha Nikaragua na Kosta Rika ni gallo pinto, yaani jogoo mwenye madoa: wali wa jana uliokaangwa na maharage ya jana hadi punje zote zikawa na mabaka. Wali wa leo haufai, una maji mengi. Lazima kiwe kiporo. Nchi hizo mbili zinagombania asili yake, na sioni haja ya kuchagua upande. El Salvador chakula kama hicho hukiita casamiento, ndoa.

Mchana, Kosta Rika, unaingia kwenye soda, na hapo soda maana yake ni mgahawa mdogo, wa aina ya mama ntilie. Unaagiza casado, mwanamume aliyeoa: wali, maharage, kabichi, ndizi mbivu ya kukaanga na kipande cha nyama, kuku au samaki, vyote sahani moja. Mjini Granada, Nikaragua, wana vigorón: mihogo ya kuchemsha, ngozi ya nguruwe iliyokaangwa hadi ikakauka, na kachumbari ya kabichi juu, vikitandazwa kwenye jani la mgomba.

Upande wa nazi

Sasa shuka hadi Limón, pwani ya Karibi ya Kosta Rika. Wajamaika waliletwa huko kujenga reli ya kutoka San José, iliyokamilika mwaka 1890, na wengi wakabaki. Wali na maharage huko ni chakula kingine kabisa, kwa kuwa hupikwa pamoja kwenye tui, na pilipili kali nzima huwekwa juu ipike bila kupasuka, itoe harufu na kubaki na ukali wake. Mpishi wa pwani yetu anafanya hivyohivyo na pilipili mbuzi.

Mnazi haukuwapo pwani hiyo kabla ya Wazungu. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 ulionesha kwamba minazi ya upande wa Atlantiki ni ya ukoo wa Bahari ya Hindi. Wareno waliuzungusha mnazi kupitia rasi ya kusini ya Afrika hadi Cape Verde, na kutoka hapo ukavuka. Tui la Limón na tui la Pemba ni ndugu wa damu.

Kaskazini zaidi, kuanzia Belize hadi Honduras, wanaishi Wagarifuna, wazao wa Waafrika na wenyeji wa kisiwa cha St. Vincent, ambao Waingereza waliwahamisha kwa nguvu hadi kisiwa cha Roatán mwaka 1797. Mihogo michungu huikuna, huikamua maji yenye sumu kwenye mfuko mrefu wa kusukwa unaoitwa ruguma, kisha huchekecha unga na kuuoka kwenye chuma kipana ukawa mkate mkavu, ereba. Kwa mhogo, basi, ujuzi ulisafiri pamoja na watu. Ndizi huzichemsha na kuzitwanga kwenye kinu hadi zikawa donge laini linalonata, kisha unamega, unachovya kwenye mchuzi wa samaki wa nazi. Hiyo ni hudut. Mlio wa mchi huo hauhitaji mkalimani.

Panama, sikukuu ya Krismasi haiwi kamili bila wali wa nazi wenye guandú. Guandú ni mbaazi. Zilifika Amerika katika enzi ya biashara ya utumwa, na jina lake linafuatiliwa hadi neno la Kikongo, wandu. Waliovushwa bahari kwa minyororo walijua namna ya kuzilima, kuzipika na kuziita, na wajukuu wao bado wanaziita hivyo wakizimenya mwezi wa Desemba, zikiwa mbichi, beseni mapajani, tui likisubiri jikoni.